Joto la Kasese limezidi, tukapanda mlimani kwenye chemchemi (uzi mrefu, someni taratibu)

Mwana wa Nyamwamba:

Wadau salamu. Wa Kasese, huku magharibi mwa Uganda, hamhitaji kuambiwa, Januari hii jua linapiga mpaka mabati yanalia, watoto wako likizo na mchana wanalala sakafuni kutafuta ubaridi wa simenti. Sasa sisi majirani wa mtaa wetu tukakaa jioni moja tukasema badala ya kuwapeleka kwenye bwawa la kulipia, maji yana dawa mpaka macho mekundu, tuwapeleke wakaone maji pale yanapotoka ardhini. Maana ukimuuliza mtoto wa mjini maji yanatoka wapi anakuonyesha bomba, au anakutajia boda anayeleta jerikeni.

Mtu atauliza, kwani mto Nyamwamba si unapita hapa hapa mjini? Unapita, na ninaupenda, hata jina langu la humu nimeliazima kwake. Ila kuogesha watoto mle sitaki. Yale marundo ya mabaki ya shaba ya Kilembe yako pembeni ya mto tangu mgodi usimame mwanzoni mwa miaka ya 80, na mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliyachimba yakayasomba kuteremka nayo, na watafiti waliopima udongo na maji ya bonde lile wamekuta shaba na kobalti. Kwa hiyo mto wetu unahitaji kuhurumiwa kwanza.

Tukakodi teksi, tukatoka kukiwa bado na kiza, upande wa Maliba, barabara ile ile wanayopita wageni wanaokwenda kupanda Rwenzori kupitia Nyakalengija. Gari likaishia pale barabara ilipoisha, tukashuka garini tukaendelea kwa miguu kupita mashamba ya kahawa na migomba. Asubuhi ile anga lilikuwa safi, tukauona mlima wote na ule weupe wa juu kabisa. Kilele chake ni mita 5,109 na huku chini sisi tunaungua, nchi hii ina mambo.

Jina la kijiji na la chemchemi siandiki, wenyeji ndio walioomba hivyo na nimewaahidi.

Tulipofika kwanza hatukuona maji, tuliyasikia. Ni kibonde kidogo kimefunikwa na mikuyu mikubwa, ukiingia chini ya ile miti jasho linakata hapo hapo. Kuna ukuta wa saruji umejengwa kwenye ubavu wa mlima, una mabomba mawili, maji yanatoka usiku na mchana hakuna koki wala mashine. Na foleni ya majerikeni ya njano imeshapangwa toka alfajiri, kina mama, wasichana, vijana wawili wa baiskeli.

Watoto wetu wakataka kuvamia, wengine wameshavua mashati. Hapo akasimama bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, akatuambia kwa Kiswahili safi kabisa kile cha zamani cha Kilembe (mumewe alifanya kazi mgodini): "Karibuni wanangu. Ila hapa kuna utaratibu." Akatuonyesha. Kwenye mabomba ni kuchota tu, hapanawiwi, hapaoshwi hata kikombe. Hatua kadhaa chini kuna karo la saruji la kufulia na kunywesha mifugo. Chini zaidi, maji yanapoingia kwenye mawe na kutengeneza kidimbwi, hapo ndipo pa kuoga. Anayechota ana haki kabla ya anayeoga, na mgeni anasubiri foleni ya asubuhi iishe kwanza.

Basi tukasubiri. Na niseme ukweli ule muda wa kusubiri ndio ulioifanya siku. Bibi akawaambia watoto kama mikono yenu haina kazi saidieni, wakaanza kupokezana majerikeni kuyapandisha mpaka njiani, wakubwa jerikeni ya lita 20, wadogo vile vidumu vya lita 5. Binti wa jirani yangu, wa darasa la sita, akapandisha moja akarudi anahema akamuuliza msichana wa pale mwenye umri wake, "Wewe unabeba ngapi kwa siku?" Akajibiwa nne kabla ya shule na mbili jioni. Yule wetu akanyamaza, na toka turudi nyumbani sijamwona akiacha bomba wazi.

Foleni ilipoisha tukanywa. Tulikuwa na maji yetu ya kuchemsha kwa ajili ya wadogo, lakini sisi wakubwa tulikinga mikono pale bombani, na ile baridi ilitufika mpaka kwenye meno. Halafu ndio tukashuka kidimbwini. Maji yanafika magotini kwa mtu mzima, yanapita kwa kasi kwenye changarawe. Kelele za watoto nadhani zilisikika mpaka Bwera. Kuna mmoja ana miaka mitano alikaa kwenye maji akakataa kutoka mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamtoa kwa kumwonyesha chapati.

Chakula tulipanda nacho: chapati, mayai ya kuchemsha, gonja (ndizi) tulizochoma usiku, maparachichi, na chai kwenye chupa. Soda za chupa za plastiki tulikubaliana toka mwanzo zisije. Tulikula mbali na maji, nyuma ya miti, na kila ganda tulirudi nalo kwenye mfuko.

Mchana mjukuu wa bibi akatuchukua kutuonyesha juu, nyuma ya ule ukuta. Wageni wengi wakifika chemchemi wanaangalia pale maji yanapotoka wanapiga picha wanaondoka, ila kazi yote iko juu. Kuna uzio wa miiba, mbuzi hawaingii. Kuna mtaro umechimbwa kukata mlima, mvua ikinyesha maji machafu ya juu yanageuzwa pembeni yasifike kwenye jicho la chemchemi. Hakuna choo upande ule, hakuna shamba, na ile miti ya asili mzee wao mmoja alikataa kuiuza akaiacha kijijini kwa masharti isikatwe. Kijana akatuambia kila mwezi familia zote zinatoa mtu mmoja kuja kufyeka na kuzibua mtaro, asiyekuja analipa.

Nikasimama pale nikaona kumbe sisi tuliokuja kuoga tunaoga jasho la watu. Kama kuna kitu kimoja nataka mtoke nacho kwenye uzi huu ni hicho: ukienda chemchemi usiishie bombani, panda uangalie nani anaitunza na kwa vipi, halafu ujue wewe utachangia nini. Sisi tuliacha elfu hamsini kwenye kamati, ikaandikwa kwenye daftari mbele yetu, itanunua simenti ya kuziba ufa kwenye karo la kufulia.

Karibuni kwa maswali na nyinyi mtupe za kwenu.

---

Mama Bwera:

Asante sana baba, umenikumbusha utotoni. Sisi tulikuwa tunateremka chemchemi jioni wasichana tupu, ndio ilikuwa mahali pa kupeana habari zote, nani anaolewa, nani kafaulu. Sasa nyumbani pale miti ilikatwa ikapandwa mikaratusi kwa ajili ya nguzo na kuni, miaka haikupita mingi maji yakapungua, kiangazi yanadondoka tu. Wazee walisema mapema ule mti unakunywa sana wakaambiwa wanazuia maendeleo. Mwambieni bibi huyo kutoka kwangu wasingya (asante), ashike hapo hapo.

---

Boda wa Rukoki:

mkuu tupe lokesheni basi, sisi tuna kikundi cha vijana kama hamsini hivi tulikuwa tunatafuta mahali pa kumaliza likizo, tunakuja na spika, mbuzi wa mchomo tunachinja huko huko, hela ya kijiji tutatoa hamna shida

---

Mwana wa Nyamwamba:

Kaka nakuheshimu lakini hapana. Watu hamsini wakiingia kwenye kidimbwi kile kwa siku moja wanachafua maji ya walioko chini, maana yale maji hayaishii hapo, yanaingia kwenye kijito na kuna kaya nyingine zinachota huko bondeni. Na damu ya mbuzi karibu na chemchemi hata wewe ukitulia utaona haifai. Kwa kundi kubwa hivyo tafuteni mahali penye vyoo na nafasi. Kama mtataka kwenda pale nendeni wachache, mtume mtu kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji aombe ruhusa, wakisema siku fulani hapana iwe hapana.

---

Dereva wa Mpondwe:

Mimi sikubaliani sana na kuficha mahali. Wale watu wanahitaji pesa, kahawa bei yake inapanda inashuka, kama chemchemi inaweza kuwaletea wageni kwa nini wasifaidike? Tunaona wageni wanapita na magari makubwa kwenda Rwenzori, pesa inaishia kwenye mahoteli, kijiji cha njiani kinabaki na vumbi. Mngewasaidia waweke kiingilio, choo cha wageni, kibanda cha kuuza chai, vijana wapate kazi ya kuongoza.

---

Mwana wa Nyamwamba:

Mzee hoja yako nzito na kweli ile kamati yenyewe inalijadili jambo hilo, bibi alituambia. Wanachogombana ni nani ataamua idadi ya watu kwa siku na choo kitakaa wapi. Mimi ninachosema waamue wao, wasije wakaamuliwa na sisi tulioandika kwenye mtandao. Siku wakisema tangazeni, nitatangaza hapa hapa kwa herufi kubwa.

---

Fundi Maji:

Nimefanya kazi ya chemchemi zilizojengewa miaka mingi, magharibi na mashariki, ngoja niongeze maana mtoa uzi amegusa penyewe.

Kwanza jinsi yale maji yanavyofika pale. Mvua ikinyesha juu ya mlima sehemu inatiririka, sehemu inanyonywa na miti, na sehemu inazama. Inayozama inashuka kupitia udongo na mipasuko ya miamba mpaka ikutane na tabaka gumu au la mfinyanzi lisilopitisha maji, hapo haiwezi kushuka tena, inatembea kwa ubavu mpaka pale mlima ulipokatika ndipo inatokeza. Msitu wa juu ukiwepo, majani yaliyooza na mizizi vinaufanya udongo uwe laini uyapokee maji badala ya kuyakimbiza. Ukiuondoa, mvua ile ile moja inakuletea mafuriko mwezi wa tano na ukame mwezi wa pili. Ndio maana chemchemi nzuri inaendelea kutoa hata kiangazi, yale mnayooga leo ni mvua ya zamani iliyokuwa inatembea chini polepole.

Na ile baridi sababu ni kwamba jua la mchana halifiki kule ndani. Ukishuka mita chache tu chini ya ardhi joto halibadilikibadiliki, linakaribiana na wastani wa mwaka mzima wa mahali pale, na hayo ya kwenu yamezama juu zaidi mlimani ambako ni baridi kuliko Kasese mjini.

Ujenzi wake sasa: tunachimba kulifuata jicho mpaka tufike kwenye lile tabaka gumu, tunajaza mawe safi, juu tunaziba na udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa, mbele ukuta na bomba, halafu uzio na mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Mtaro ndio unasahaulika kila mahali. Ukiziba, mvua inaingia yote kwenye chemchemi. Dalili rahisi ambayo mtu yeyote anaweza kuiona: maji yakibadilika rangi baada ya mvua kubwa, ujue kuna maji ya juu yanaingia, hapo chemsheni mpaka yaangaliwe. Choo kisikae juu ya chemchemi, kiwe upande wa chini na umbali usiopungua mita 30.

Swali kwa mtoa uzi: jerikeni ilijaa kwa muda gani?

---

Mwana wa Nyamwamba:

Vijana walipima na simu, ya lita 20 ilikuwa inajaa kwa sekunde kama 40 kwa bomba moja.

---

Fundi Maji:

Basi hiyo ni nusu lita kwa sekunde, lita 1,800 kwa saa, sawa na jerikeni 90 kwa saa kwa bomba moja tu, tena katikati ya kiangazi. Hiyo chemchemi ni tajiri. Waambie waandike hicho kipimo kwenye daftari kila mwezi kwa jerikeni ile ile, ikianza kushuka mwaka hadi mwaka watajua kuna kitu kimebadilika juu kabla haijakauka. Haigharimu chochote na mbele ya viongozi inasaidia kuliko maneno, unaweka daftari mezani wanaona wenyewe.

---

Nakulabye Yetu:

Huku Kampala banange chemchemi ziko nyingi tu mabondeni, na watu wanachota kwa sababu ni bure na maji ya bomba yana bili. Lakini juu yake kote ni nyumba zimebanana na vyoo vya shimo, kwa hiyo hata ukuta ukiwa mzuri, uchafu unapita chini ya ardhi. Mnakumbuka 2015 mlipuko wa taifodi? Maelfu ya watu walishukiwa kuugua, na uchunguzi ulipofanyika yakatajwa maji ya chemchemi na visima pamoja na juisi na vinywaji vya barabarani vilivyotengenezwa na maji hayo hayo. Maji yalikuwa maangavu kabisa kwa macho. Nilikuwa na ndugu aliyelazwa kipindi hicho, naongea nikijua. Kwa hiyo mimi ombi langu kwa wote mnaokwenda matembezi, msizoee kunywa kila chemchemi mnayokutana nayo eti kwa sababu ni ya asili.

---

Fundi Maji:

Dada umesema kweli tupu. Uangavu hauonyeshi vijidudu. Chemsheni mpaka yatokote yanaruka, dakika moja inatosha, mkiwa juu sana mlimani zaidi ya mita 2,000 mfanye dakika tatu kwa sababu huko maji yanachemka kabla hayajafika joto lile la chini. Halafu yahifadhiwe kwenye chombo cha mdomo mwembamba, msiingize kikombe.

---

Kijana wa Katwe:

nyie wenye maji matamu mna bahati. kwetu Katwe chemchemi zipo pia zinaingia ziwani lakini za chumvi, na ziwa halina mto wa kutokea, maji yakishaingia njia ya kutoka ni jua tu kuyapandisha juu, maji yanaenda chumvi inabaki, ndio watu wanagawana vidimbwi wanavuna. kiangazi kama hiki ambacho nyie mnakikimbia sisi ndio msimu wenyewe wa kazi, jua likiwaka chumvi inaganda. mzee wangu amesimama kwenye maji yale maisha yake yote, miguu imekuwa na vidonda vya chumvi. yaani wilaya moja, huku chemchemi inakuponya kiu na huku inakuchubua ngozi. nikisoma hapa watoto wanakaa kwenye maji mpaka wanakataa kutoka roho yangu inafurahi kweli

---

Mwana wa Nyamwamba:

Ndugu wa Katwe hii ndio komenti iliyonigusa kuliko zote. Safari ijayo mkaribie na wadogo zako, nafasi kwenye gari ipo. Nakutumia ujumbe.

---

Mtoto wa Bundi:

Na mimi niwape ya kwetu. Sempaya, ndani ya hifadhi ya Semuliki kwenye barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo, kuna chemchemi za moto mbili, moja wanaiita ya kiume nyingine ya kike. Ile ya kike inatokota na kurusha maji, wageni wanachemsha mayai humo yanaiva kabisa. Huko hakuna kuoga, mtu akiteleza ni kuungua, watoto washikwe mkono muda wote. Ni mbuga ya taifa kwa hiyo kuna kiingilio na lazima uende na muongozaji. Ila njia yake tu ya kushuka kutoka juu ya milima, ukaliona bonde lote la Semuliki na misitu ya Kongo mbele yako, inalipa nauli.

---

Bint Sheema:

Kitagata mmeisahau! Sheema kwetu watu wanakaa ndani ya maji moto jioni mpaka usiku, wazee wa maumivu ya viungo wanatoka mbali. Ziko mbili, moja alikuwa anaoga Omugabe (mfalme) wa Ankole ndio ikapewa jina lake, nyingine wanaiita Mulago kama ile hospitali kubwa ya Kampala, kwa sababu watu wanaamini inatibu. Pale inapotokea inafika kama nyuzi 80 kwa hiyo msikimbilie kwenye jicho lenyewe, watu wanakaa pembeni palipopoa. Ninachosema kila siku, yale maji ya kuogea watu wengine wanayachota wanakunywa kama dawa, na mle mle kuna mamia ya watu wamekaa na vidonda vyao. Mwenye mgonjwa ampeleke akae kwenye joto apumzishe viungo, lakini hospitali asiiache na yale maji asiyanywe.

---

Mama Bwera:

Haswa binti yangu, mungu akubariki kwa kusema hilo.

Baba mtoa uzi nina swali la kimama. Nina mjukuu wa miaka minne na dada yake. Hii kichocho tunayosikia kila redio, hayo maji ya kidimbwi ni salama?

---

Fundi Maji:

Mama naomba nijibu mimi. Kichocho kinaenezwa na konokono wadogo wa majini wanaokaa kwenye maji yaliyotulia au ya polepole yenye majani, na mtu anakipata kwa ngozi tu kugusa maji, hata bila kunywa. Pale maji yanapotoka ardhini moja kwa moja konokono hawajapata nafasi, tena yakiwa baridi na yana kasi kwenye changarawe hatari inashuka sana. Hatari inaongezeka ukishuka bondeni maji yanapotulia na matete yanapoanza, na zaidi kwenye fukwe za ziwa Albert na Victoria. Kwa hiyo waoge karibu na juu, wasifuate maji mpaka kwenye majani. Na mtu asijisaidie karibu na maji hata mara moja, maana mayai ya kichocho yanaingia majini kwa njia hiyo na konokono wanaambukizwa. Kwa mtoto aliyewahi kucheza sana ziwani mpeleke kituo cha afya apimwe, dawa ipo na ni ya kumeza.

---

Boda wa Rukoki:

sawa mkuu nimekuelewa, nimeongea na wenzangu. kundi lote tutaenda uwanjani na mbuzi wetu. ila tumekubaliana watu sita tuje na majembe siku ile ya kufyeka na kuzibua mtaro, hatuogi tusipokaribishwa. inaruhusiwa?

---

Mwana wa Nyamwamba:

Kaka hapo umenifurahisha mpaka nimemsomea mke wangu. Inaruhusiwa sana, nimempigia mjukuu wa bibi amesema mje na panga pia, majembe wanayo machache. Mtakula kwao siku hiyo, sombe (majani ya muhogo) na ugali wa muhogo, msibebe chakula.

---

Dereva wa Mpondwe:

Mimi nina gari la mizigo, siku ya kazi naweza kupeleka mifuko ya simenti mpaka barabara inapoishia bila malipo. Hapo juu mtabeba wenyewe, mgongo wangu umeshazeeka.

---

Mwana wa Nyamwamba:

Mzee tumekupokea kwa mikono miwili. Mifuko itakuwa mitatu au minne, fundi wa kule anasema ule ufa si mkubwa. Fundi Maji kama uko karibu tungependa uje uuangalie na mtaro.

---

Fundi Maji:

Nipo Fort Portal wiki hiyo, nitakuja. Nitabeba vichupa vya kupimia maji pia, tujue yakoje kabla ya mvua za Machi.

---

Mama Bwera:

Na mimi na wajukuu tunakuja. Tubebe nini?

---

Mwana wa Nyamwamba:

Mama karibu sana. Viatu vilivyofunika mguu, njia ina mawe na umande wa asubuhi unateleza. Nguo za kubadili, sweta kwa yule mdogo kwa sababu akitoka kwenye maji atatetemeka hata kama jua linawaka. Kofia. Maji ya kunywa yaliyochemshwa ya watoto. Kidumu cha lita 5 kwa dada yake akitaka kusaidia foleni. Sabuni iache nyumbani, kidimbwini hairuhusiwi.

Jambo moja la usalama kwa wote: hata kiangazi mvua inaweza kunyesha juu Rwenzori huku chini kukiwa na jua, na vijito vya huku vinajaa ghafla. Mkiona maji yanabadilika rangi au mnasikia ngurumo juu, watoto wote nje ya maji bila mjadala, na mkikuta wingu jeusi limekaa mlimani toka asubuhi siku hiyo tunaahirisha.

Tunaondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale pa kawaida, nauli ya kwenda na kurudi tunagawana, watoto nusu. Watakaokuja waandike hapa chini kabla ya Alhamisi jioni nimwambie mwenye teksi.